Kuomba objekti kwa msimbo katika CDI: Instance na CDI.current()

Katika CDI (Contexts and Dependency Injection), mfumo wa Java uliokuja na Java EE 6 mwaka 2009, kontena, yaani programu inayoendesha msimbo wako, ndilo linalounda objekti na kuamua zitaishi hadi lini. Mara nyingi unaandika anotesheni @Inject tu na kontena linakuletea objekti. Kuomba kwa msimbo kunahitajika pale ambapo objekti inayotakiwa haijulikani mpaka programu iwe inaendeshwa.

Chukua kiolesura Malipo chenye klasi mbili, moja ina @Named("mpesa") na nyingine @Named("kadi"). Anayechagua ni mteja. Tumia Instance, kiolesura cha CDI cha kuomba objekti kwa msimbo. Andika:

@Inject @Any Instance<Malipo> malipo;

kisha:

malipo.select(NamedLiteral.of(njia)).get()

Usisahau @Any, inayoruhusu klasi zote za Malipo. Bila hiyo kontena hutafuta zenye @Default (kibainishi cha kawaida) pekee, na klasi uliyoibainisha kwa anotesheni uliyotunga mwenyewe haionekani: unapata UnsatisfiedResolutionException ilhali klasi ipo. Zikifaa mbili kwa pamoja, ni AmbiguousResolutionException. Kwa kuwa thamani ya njia inatoka kwa mteja, kagua isResolvable(), inayosema kama imepatikana klasi moja inayofaa, kabla ya get().

Kinachosumbua zaidi ni klasi za @Dependent, ambazo objekti zake hufuata uhai wa anayezitumia. Kila get() huunda objekti mpya, nayo hufungwa kwenye uhai wa Instance iliyoitoa. Instance hiyo ikiwa ndani ya klasi ya @ApplicationScoped (objekti moja kwa programu nzima), objekti hizo, hasa zenye @PreDestroy (mbinu inayoitwa kabla ya kuharibiwa), zinaweza kurundikana kwenye kumbukumbu mpaka programu izimwe. Ukimaliza kazi ita malipo.destroy(objekti), au katika CDI 4.0 tumia getHandle() ndani ya try ili ijifunge yenyewe. Lakini tahadhari: ukiita destroy() kwa objekti ya @ApplicationScoped, unaiharibu kwa wote wanaoitumia, na hali iliyokuwa imehifadhi inapotea.

CDI.current().select(Malipo.class), iliyoongezwa CDI 1.1, iachie msimbo ambao kontena halikuuunda, kama objekti uliyoitengeneza kwa new. Kwingine inaficha utegemezi, na kasoro ambayo @Inject ingeionyesha programu inapowaka hujitokeza mteja akiwa katikati ya kulipa. Kwenye Quarkus, mfumo mmojawapo wa Java unaotumia CDI, kuna jambo la ziada: wakati wa kujenga programu, klasi zinazoonekana hazitumiki huondolewa, na ombi la CDI.current() halihesabiwi kuwa matumizi. Klasi ya namna hiyo ipe @Unremovable.