Menyu ya Ukutani Haijashibisha Mtoto: Dhana Potofu Kuhusu Lishe Chekechea

"Menyu yetu ni nzuri, kwa hiyo watoto wanakula vizuri."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Menyu husema kilichopangwa. Haisemi kilichopikwa, kilichopakuliwa wala kilichoingia tumboni. Anayetaka kujua ukweli na akae mezani na watoto mlo mzima, kisha atazame sahani zinavyorudi jikoni. Tunda likirudi limeumwa ukingoni tu, huenda lilikatwa vipande vikubwa kwa kinywa kidogo. (Zabibu nzima ni hatari zaidi: humkaba mtoto. Zipasuliwe kwa urefu, kila moja vipande vinne.) Na mlo ukipewa dakika kumi, yule anayetafuna polepole huondoka mezani na njaa yake, ingawa daftari litaandikwa kwamba amekula.

"Mtoto mwenye adabu humaliza chakula chote."

Wengi wetu tulilelewa hivyo, na waliotulea walitupenda. Lakini mtoto mdogo huja na kipimo chake cha njaa na shibe, na hamu yake hupanda na kushuka siku hadi siku. Tukimshindilia kijiko cha mwisho, tunamfundisha kupuuza kipimo hicho. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii kwa namna ninayoiamini kabisa: mtu mzima aamue chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue kama atakula, na kiasi gani.

Ndiyo maana napenda kuona watoto wakijipakulia wenyewe kutoka kwenye bakuli jepesi, kwa kijiko kinachowatosha mkononi. Watamwaga, bila shaka. Meza hufutwa, na baada ya wiki chache mikono inatulia. Kile kinachoniuma ni ile ahadi ya "maliza mboga nikupe keki". Mtoto anaielewa vizuri sana: mboga ni adhabu, keki ndiyo zawadi. Siku inayofuata mboga inakuwa ngumu zaidi kumezwa.

"Amekataa mara tatu, basi hapendi."

Mara tatu ni mapema mno. Tafiti zimeonyesha kwamba chakula kigeni huweza kuhitaji kuletwa mbele ya mtoto mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Fikiria mtoto aliyewekewa kipande cha karoti: siku ya kwanza anakisukuma pembeni, siku nyingine anakinusa, baadaye anakilamba na kukirudisha sahanini. Anayehesabu vilivyoliwa tu ataandika sufuri siku zote tatu, ilhali mtoto amepiga hatua tatu. Mlezi akiketi hapo hapo na kula karoti ile ile, bila hotuba, anasaidia kuliko maneno yote.

"Juisi ni sawa na tunda."

Siyo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2017: juisi isitolewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, na kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 isizidi kama mililita 120 kwa siku. Shirika la Afya Duniani nalo huihesabu sukari ya juisi pamoja na ile tunayoikoroga kwenye kikombe, hata kama hakuna aliyeiongeza. Maji yawe pale mtoto anapoweza kuyafikia mwenyewe, ndani na nje.

"Tathmini ya lishe kituoni ni ukaguzi wa kutafuta makosa."

Hofu hii naielewa, kwa sababu wapo wanaokuja hivyo. Lakini mpango wa NAP SACC, wa vituo vya kulelea watoto kujitathmini katika lishe na mazoezi ya mwili, ulioanzia Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, uliweka kalamu mkononi mwa kituo chenyewe: kijipime, kichague mambo machache ya kubadili, kisaidiwe kuyatekeleza, kisha kijipime tena. Udhaifu wake ni wa kibinadamu, kwani sote hujipa alama za juu kidogo. Kwa hiyo jicho la pili, la mtu anayekaa kituoni siku nzima na kutazama, lina faida yake.

"Bila fedha hatuwezi kuboresha chochote."

Hapa kuna ukweli nusu. Kuacha kumlazimisha mtoto hakugharimu kitu. Lakini pale chakula chenyewe hakitoshi, au mpishi ni mmoja na watoto ni wengi, kumwambia mwalimu ajitahidi zaidi ni kumwonea.

"Orodha ya mzio, yaani ya watoto wanaodhuriwa na vyakula fulani, ipo ofisini."

Iondolewe huko leo. Ibandikwe pale chakula kinapopakuliwa, ili hata mlezi aliyekuja asubuhi kushika zamu ya mwenzake aisome kabla hajagusa upawa.