Mikono inayotetemeka: yanayosemwa Bukavu kuhusu tezi ya shingo

Mtaani Kadutu, hapa Bukavu, mtu akishindwa kushika kikombe bila kumwaga chai, majirani wana majibu mawili tayari: pombe, ama amerogwa. Pombe kweli hutetemesha. Lakini mama asiyeonja hata kasiksi, pombe ya ndizi, anayekonda ilhali anakula vizuri, anayetoka jasho wakati wenzake wanajifunika na moyo unamwenda mbio, apimwe thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya koo. Homoni zake zikizidi, vidole hutetemeka upesi upesi, hasa mikono ikinyooshwa. Mtetemo wa Parkinson huonekana zaidi mkono ukiwa umetulia juu ya paja.

Pepo nayo husingiziwa. Wagonjwa wachache sana wa tezi hii hupata korea: mikono, uso na miguu hujirusha vyenyewe kama mtu anayecheza ngoma. Kwa kawaida huisha homoni zikirudi kiwango chake. (Kwa mtoto, munganga atafikiria kwanza homa ya baridi yabisi.) Maombi sikatazi, ila labo isingoje.

Wengine husema: “Hana rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, basi si tezi.” Hapana. Tezi inaweza kuzidisha kazi bila shingo kuvimba. Na wapo wengi wenye rovu kubwa ambao homoni zao hazijazidi hata kidogo. Kisiwani Idjwi, katika ziwa Kivu, rovu lilienea kwa upungufu wa iodini, madini ambayo tezi hutengenezea homoni, na mihogo isiyoandaliwa vizuri ikaongeza tatizo. Jicho halitoshi: damu hupimwa TSH, homoni inayoiamuru tezi, na T4, homoni ya tezi yenyewe. Tezi ikizidisha kazi, TSH hushuka na T4 hupanda.

Kwenye chumvi yenye iodini ndipo watu huchanganyikiwa zaidi, na sababu wanayo. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa ya watu wa Kivu ambao tezi zao zilianza kuzidisha kazi baada ya kupata iodini. Rovu la siku nyingi huota vinundu visivyotii amri ya mwili. Vikipata iodini ghafla, hutengeneza homoni bila kipimo. Chumvi hiyo isitupwe, maana bila iodini watoto huzaliwa na akili iliyodumaa. Ila kuiongeza kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, ili kutibu mtetemo ni kuchochea ugonjwa.

Dawa ya propranololi nayo hutuliza mikono na moyo, basi mtu anadhani amepona. Tezi yenyewe bado inazidisha. Tena dawa hiyo ni hatari kwa mwenye pumu. Kinachoipunguza tezi kasi ni dawa kama kabimazoli, na huchukua majuma. Anayeimeza akipata homa na koo kuuma, aiache na akapimwe damu siku hiyohiyo.