Mbunge akihama chama, kiti kinabaki kwa nani?

Dhana: Mbunge akihama, anahama na ubunge wake.
Kwa Tanzania, hapana. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake unakoma. Wala hawezi kubaki bila chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki, lakini katazo halikuondolewa.

Dhana: Basi sheria imekomesha kuhamahama.
Hapa ndipo wengi tunapopotea. Sheria inamvua kiti, haimzuii kukigombea tena. Maulid Mtulia alichaguliwa Kinondoni mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF. Desemba 2017 akajiuzulu na kuingia CCM, na Februari 2018 akashinda uchaguzi mdogo wa jimbo lilelile. Jimbo la Siha likawa hivyohivyo kwa Dk. Godwin Mollel, aliyetoka Chadema. Siku zile kauli ya waliohama ilikuwa moja: "Naunga mkono juhudi," yaani juhudi za Rais Magufuli wa CCM.

Kinachoniuma zaidi ni Babati Mjini. Mwishoni mwa 2018 Pauline Gekul alitoka Chadema, akateuliwa na CCM, akapita bila kupingwa. Mtu wa Babati aliyempa kura akiwa Chadema hakupata hata karatasi ya kura ya kusema kama bado anamtaka. Na panapopigwa kura, uchaguzi mdogo unalipiwa na kodi zetu, si na aliyehama.

Dhana: Chama kikimfukuza, kesho yake hayumo bungeni.
Novemba 2020 Chadema iliwavua uanachama wabunge 19 wa viti maalumu, akiwemo Halima Mdee. Wakakata rufaa ndani ya chama. Mei 2022 Baraza Kuu la chama likazitupa rufaa zao, wakaenda mahakamani. Muda wote huo walikuwa bungeni.

Dhana: Kenya wanahama watakavyo.
Sivyo. Katiba yao ya 2010, ibara ya 103, nayo inamvua kiti anayehama, na hata mgombea huru akijiunga na chama baada ya kushinda anakipoteza. Kanuni hiyo wanaijua tangu 1966, Oginga Odinga na wenzake walipokihama chama tawala cha KANU kwenda chama kipya cha KPU, Katiba ikabadilishwa haraka wakalazimika kurudi kwa wapiga kura. Wengi siku hizi hawajiuzulu: wanabaki na chama chao kwenye karatasi, huku bungeni wakipiga kura na upande wa pili, na uchaguzi mdogo hauitishwi.