Kugawa kiti si kugawa kampuni

"Kampuni ni yangu. Nikimpa mtu mwingine uenyekiti wa bodi, atanipora." Wateja wangu wananiambia haya Kisumu, Kakamega na hata Nakuru, ninapowashauri kwamba mkurugenzi mtendaji, yaani anayeendesha kampuni kila siku, asiwe pia mwenyekiti wa bodi, na sasa nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake.

Umiliki uko kwenye hisa. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inawaruhusu wanahisa kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, yaani kwa wingi wa kura tu. Mwenye asilimia 70 ya hisa anamwogopea nini mwenyekiti asiye na hata hisa moja? Kazi ya mwenyekiti ni kupanga ajenda, kuhakikisha wakurugenzi wamepata makabrasha mapema, na kuongoza tathmini ya mkurugenzi mtendaji.

Kwenye tathmini ndipo mambo huharibika. Nimesoma kumbukumbu za kampuni moja ya familia hapa mjini. Tathmini ya mkurugenzi mtendaji iliwekwa mwisho wa ajenda, na kila mkutano ikaahirishwa kwa "uhaba wa muda". Mkurugenzi mtendaji huyo ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti: aliyepanga ajenda ni yeye, aliyefunga mkutano ni yeye. Ununuzi wa lori ulipoleta mvutano, kura zikalingana, naye akaamua kwa kura ya ziada ya mwenyekiti. Nani angemuuliza?

Na tafadhali, kumpachika mke au kaka yako cheo cha mwenyekiti kwa jina tu hakusaidii. Tafuta mtu asiyekutegemea kwa mkate wake. Mimi hupendekeza mhasibu mstaafu mwenye msimamo.

Kuna madai mengine ninayoyasikia. "Sheria inakataza mtu mmoja kushika vyeo vyote viwili." Kwa kampuni binafsi, haikatazi. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa ndizo zinazotakiwa kuvitenganisha, chini ya kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za 2015.

"Marekani wote huviunganisha." Zaidi ya nusu ya kampuni za S&P 500, orodha ya kampuni kubwa za soko la hisa la Marekani, zimevitenganisha. Elon Musk aliachia uenyekiti wa Tesla mwaka 2018 katika mapatano na mdhibiti wa masoko ya hisa, akabaki mkurugenzi mtendaji, na kampuni haikumponyoka.

"Ukivitenganisha, faida itapanda." Tafiti hazijakubaliana kuhusu hilo, na mshauri anayekuahidi faida anakudanganya.

Kama una duka lenye mkurugenzi mmoja, usijisumbue. Fikiria kutenganisha vyeo hivi kabla hujachukua mkopo mkubwa au kumkaribisha mwekezaji wa nje.