Bioriakta ya utando: majitaka yanavyosafishwa yakatumika tena

Kalobe, jijini Mbeya, kuna mabwawa ya kutibu majitaka. Maji yanaingia upande mmoja, yanakaa siku nyingi juani huku bakteria na mwani wakifanya kazi yao, kisha yanatoka upande wa pili. Mabwawa hayadai umeme mwingi wala fundi wa kukesha. Yanadai eneo na muda. Bioriakta ya utando, ambayo mafundi huiita MBR kwa kifupi, inawatumia bakteria vilevile, ila ndani ya tangi na kwa saa chache, na maji yake hutoka maangavu kiasi cha kurudishwa kazini.

Nusu ya mtambo huu si ngeni. Mwaka 1914 huko Manchester, Edward Ardern na William Lockett walionyesha kwamba majitaka yakipulizwa hewa, na tope lenye bakteria likibakizwa tangini badala ya kumwagwa, uchafu huliwa upesi. Miji mingi bado inategemea mbinu hiyo. Udhaifu wake uko mwishoni, pale tope linapoachwa lizame lenyewe ili maji yabaki juu. Siku likigoma kuzama, linaondoka na maji.

MBR haisubiri tope lizame. Ndani ya tangi huzamishwa mabamba, au nyuzi zenye uwazi katikati mithili ya makaroni, na pampu huvuta maji yapenye kuta zake; kuta hizo ndizo utando. Vitundu vyake kwa kawaida ni kati ya mikromita 0.01 na 0.4, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bakteria wengi ni wakubwa kuliko hapo, wanabaki nje pamoja na mayai ya minyoo. Virusi vingine ni vidogo mno, ndiyo maana klorini au mwanga wa urujuanimno bado hutumika baada ya utando.

Watu husifu uangavu wa maji, lakini kwangu faida kubwa ni nyingine. Kwa kuwa karibu hakuna bakteria anayetoroka, maji hupita kwa saa chache wakati bakteria wenyewe hukaa wiki kadhaa. Wale wanaozaana polepole, hasa wanaobadili amonia kuwa nitrati, wanapata nafasi ya kuongezeka. Lita moja ya mchanganyiko wa maji na tope tangini huweza kubeba gramu 8 hadi 12 za tope, wakati mtambo wa kawaida hubeba 2 hadi 4. Tangi linapungua ukubwa, jambo la maana kwa hospitali au hoteli iliyobanwa katikati ya mji wa Iringa.

Gharama iko kwenye kuziba. Ute wa bakteria hujipaka kwenye utando, hivyo hewa hupulizwa toka chini muda wote kuusugua, na mara kwa mara utando huoshwa kwa dawa ya klorini au asidi ya sitriki. Nywele ni balaa: husokotana kwenye nyuzi hadi zikawa kamba, kwa hiyo chujio la milimita 1 au 2 kabla ya tangi halikwepeki. Hoteli yenye saluni ilijue hilo mapema.

Nyanda za juu zina masharti yake. Kwenye mita 1,700 za Mbeya, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam, basi kipulizio kilekile hupeleka oksijeni pungufu na lazima kichaguliwe kikubwa zaidi. Juni na Julai baridi inapokaza, bakteria hupunguza kasi, na maji yenyewe huongezeka mnato: ya nyuzijoto 10 yana mnato wa takriban asilimia 30 zaidi ya yale ya nyuzijoto 20, hivyo hupenya kwa shida. Umeme ukikatika, hewa inakatika. Bila jenereta nisingemshauri mtu aanze.

Maji yanayotoka yanafaa kumwagilia bustani, kusukuma vyoo na kuosha magari. Chumvi iliyoyeyuka haiondoki, na anayetaka kuyatia kwenye boila itabidi aongeze utando mwingine wenye vitundu vidogo zaidi. Kwa viwanda vya kukoboa kahawa mbichi kule Mbozi nina shaka: maji yao ni machafu sana, lakini ya msimu. Kahawa ikiisha, bakteria watakosa chakula kwa miezi, na mwenye kiwanda atabaki kulipia umeme wa kulinda tope lisilo na kazi. Mwenye kiwanda cha namna hiyo achimbe mabwawa.