Gari lililogongwa: kabla ya kupatana bei, tafuta nguvu ilipitia wapi

Wiki mbili zilizopita mwalimu mmoja wa Kongwa alinipigia simu nikamtazamie Toyota IST iliyogongwa, imelazwa kwenye uwanja mmoja huku Kizota, Dodoma. Muuzaji anataka milioni 4 na nusu. Nzima ya umri uleule mwalimu alikuwa ameiona mjini kwa milioni 11. Hesabu alishaipiga: boneti, bampa, taa mbili, rejeta na rangi, milioni 2 na nusu. Anabakiwa na milioni 4 mfukoni. "Fundi, wewe njoo unithibitishie tu," akaniambia.

Hesabu ya namna hiyo naletewa karibu kila mwezi, na ina kasoro ileile: imehesabu vinavyoonekana tu. Mimi ni fundi bodi, nimenyoosha magari hapa Dodoma zaidi ya miaka 15. Nikifika kwenye gari, bati lililobonyea naliacha kwanza. Natafuta nguvu ya ajali iliingilia wapi, ikapita wapi na ikaishia wapi.

Tazama ajali za barabara zetu. Njia ya Bahi kwenda Manyoni watu hugonga ng'ombe usiku. Bampa linampiga miguu, mwili wote unapanda juu ya boneti na kutua kwenye kioo. Gari hilo likivutwa hadi gereji kila mtu anashika kichwa: kioo kimesagika, boneti limekunjwa kama karatasi, manyoya yamejaa kwenye waipa. Lakini nguvu imepita juu. Mara nyingi ukichungulia chini unakuta mihimili ya mbele, ile ya bati nene pande mbili za injini, imenyooka vilevile ilivyotoka kiwandani. Nguzo za kioo na ukingo wa paa zikiwa salama pia, gari hilo nunua.

Sasa lione lililotumbukia kwenye mtaro wa mawe hapa mjini, au lililoparamia karavati. Kwa nje unaweza kusema halijapata ajali: bampa limepasuka pembeni, rimu moja imeliwa, basi. Huko chini sabufremu (fremu ndogo inayobeba injini na miguu ya mbele) imesogea, amu inayoshika tairi imepinda, na pale shokapu inapokalia pamesukumwa nyuma. Ukilinunua utabadilisha tairi za upande mmoja kila baada ya miezi michache, na usukani utavuta kushoto hadi uchoke. Kwa macho yangu huyu ndiye mbaya zaidi, kwa sababu ndiye anayeuzwa kwa bei ya "kagusika kidogo tu." Gari lililoingia chini ya tela sina maneno mengi nalo. Paa likishuka na nguzo zikipinda, liache liuzwe spea.

Kwa nini nang'ang'ania mihimili? Hilux na Prado zina chesesi yake peke yake chini, bodi imefungwa juu. IST, Vitz, Passo, Premio na Noah hazina. Bodi ndiyo chesesi. Mihimili ndiyo yale maboksi mawili ya bati nene yanayopita pembeni mwa injini kwenda mbele, kulia na kushoto; yametengenezwa yajikunje gari likigongwa kwa nguvu, ili miguu yako isikunjwe. Yakishajikunja, kazi yao imekwisha. Kuna mafundi wanayachoma moto, wanayanyoosha kwa nyundo, wanapaka puti na rangi, yanapendeza. Chuma kigumu cha magari ya siku hizi kikipashwa moto namna hiyo kinapoteza ugumu wake, na ajali ya pili hakitakukinga kama ilivyokuwa ya kwanza. Kuna watoto wanapanda gari hilo kwenda shule. Kazi ya haki ni kukata penye mshono na kuweka mhimili mwingine kwa vipimo, gari likiwa limebanwa kwenye benchi ya kuvutia, yaani fremu ya chuma inayolishika gari na kulivuta lirudi kwenye vipimo. Muulize fundi wako kama anayo kabla hujatoa hela.

Kwa IST ya mwalimu nilifungua bampa, nikatandika boksi chini, nikalala na tochi. Mhimili wa kulia ulikuwa laini. Wa kushoto, kama shubiri moja kutoka mbele, rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Gundi ya kwenye mshono ilikuwa imepasuka, na ndani ya ufa hamkuwa na vumbi. Hapa Dodoma vumbi huingia hata kwenye saa ya mkononi. Ufa msafi ni ufa mpya. Nikachukua futi, nikapima mshazari: kutoka bolti ya shokapu ya kulia hadi pembe ya mbele kushoto, kisha kinyume chake. Tofauti ilikuwa milimita 9. Ikiwa hadi 3 huwa sisemi kitu.

Kisha nikafungua swichi. Taa ya eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga abiria, inatakiwa iwake sekunde chache, izime. Hii haikuwaka kabisa. Nikavuta mkanda wa dereva, ukakwama katikati, haurudi wala hauji. Mkanda wa hivyo kwa kawaida umekwisha kufyatuka na kujifunga kwenye ajali, na mara nyingi eabegi nazo zilipasuka na mtu amefunika. Usiiamini taa peke yake, maana wapo wanaofunga resista kuidanganya kompyuta, taa ikawaka na kuzima vizuri kabisa. Vuta mikanda yote. Pitisha kidole juu ya dashibodi upande wa abiria, utasikia palipozibwa.

Rejeta ikiwa imepasuka, uliza gari lilitembea kilomita ngapi baada ya hapo, maana injini ikikosa maji huungua. Na kama ni oto, chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi. Kwenye magari mengi mafuta hayo hupozwa ndani ya rejeta. Ukikuta yamegeuka rangi ya waridi yenye povu, maji yameingia.

Karatasi nazo zina mambo yake. Namba ya chesesi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi. Gari ambalo bado ni kielelezo cha kesi usiliguse. Na kama bima ilishamlipa mwenyewe, huenda aliyekupokea si mwenye gari tena, dai barua ya bima.

Nikarudi kwenye hesabu ya mwalimu. Mhimili, eabegi, mikanda na vipimo vilipandisha matengenezo hadi milioni 4 na laki 8. Mimi huongeza asilimia 30 ya matengenezo kwa yatakayojitokeza gari likifunguliwa. Jumla ikapita milioni 10 na laki 7, kwa gari ambalo mnunuzi yeyote akijua historia yake hatakupa zaidi ya milioni 9.

Dalali akashusha hadi milioni 3 na laki 8. Mwalimu akanitazama. Nikamwambia, "Mwalimu, kwa bei hiyo, kusipojitokeza kingine, hela labda itarudi, lakini mimi wanangu siwapandishi." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ile ya ng'ombe, ukiipata utanikumbuka?"

Namba yake nimeiandika ukutani, pembeni ya kompresa.