Je, Wajua Kwa Nini Mana Haikukubali Kuwa Kiporo?

"Akiba haiozi," wanasema wahenga, na ukweli wao tunauona kila msimu wa njaa. Lakini katika Kutoka sura ya 16 ipo akiba iliyooza kwa usiku mmoja tu. Wana wa Israeli wametimiza mwezi tangu watoke Misri, wako katika nyika ya Sini, na njaa imeanza kuwakumbusha sufuria za nyama za utumwani. Asubuhi umande unapoinuka, wanakuta juu ya ardhi kitu kidogo, cheupe. Wakaulizana, "Nini hiki?", na kwa Kiebrania jina mana limetokana na swali hilo. Musa akawaambia waokote kipimo cha pishi moja kwa kila kichwa, na mtu asibakize hadi asubuhi. Wengine wakabakiza. Kulipokucha, imejaa mabuu na inanuka.

Mtu anaweza kudhani mana ilikuwa chakula cha kuharibika upesi, kama maziwa au samaki. Lakini siku ya sita waliokota pishi mbili kwa kila mtu, wakailaza mpaka Sabato, na haikunuka wala kuingia funza. Tena Haruni aliambiwa ajaze pishi moja mtungini, iwekwe ili vizazi vijavyo viione. Mana ni ileile. Ya Sabato ililazwa kwa kuamini neno waliloambiwa. Ile iliyooza ililazwa kwa woga kwamba kesho Mungu hatatoa tena.

Woga huo walitoka nao Misri. Huko waliijenga Pithomu na Ramesesi, miji ya kuwekea hazina za Farao, na hazina hizo hazikuwa zao. Mwanzo sura ya 47 inasimulia jinsi Wamisri wenyewe, wakati wa njaa, walivyotoa mifugo, kisha mashamba, mwisho miili yao, ili wapate nafaka ya maghala ya Farao. Aliyekulia chini ya ghala la namna hiyo hujifunza kwamba chakula ni cha anayewahi.

Kuweka akiba kwenyewe si kukosa imani. Chungu, yule mdudu mdogo, anasifiwa katika Mithali kwa kukusanya chakula chake wakati wa mavuno.

Kinachonigusa zaidi ni kipimo. Pishi, watu wa pwani wanaijua, ni vibaba vinne. Wengine waliokota nyingi, wengine kidogo, lakini walipopima, wa nyingi hakubaki na ziada na wa kidogo hakupungukiwa. Paulo aliuchukua mstari huo katika 2 Wakorintho 8 alipowahimiza Wakorintho wawachangie waumini maskini wa Yerusalemu: wingi wa hawa uzibe upungufu wa wale. Kwa hiyo siwezi kuyakubali mahubiri kwamba utele wa Mungu ni gari na ghorofa kwa atakayepanda mbegu, yaani sadaka, nono kuliko wenzake. Jangwani, kijana mwenye nguvu alirudi hemani na pishi ileile ya kikongwe aliyeokota akijikongoja.

Na Yesu alipowafundisha wanafunzi kuomba, aliwapa ombi la kipimo hichohicho: utupe leo riziki yetu. Riziki, kwa Kiswahili chetu, ni fungu ambalo Mungu amemwandikia mtu. Na anayeomba anasema "yetu", hata akiwa peke yake chumbani.

Mama yangu aliliomba ombi hilo kila jioni. Kisha, akishapima unga wa ugali, alichota konzi moja zaidi. "Ya mgeni," alisema. Nilimwona akiichota hata siku ambazo debe lilikuwa linakwanguliwa, nasi watoto tumekaa kuzunguka jiko tukiufuata mkono wake kwa macho. Mara nyingi mgeni alitokea kweli, jirani au mpita njia aliyekutwa na giza. Asipotokea, ugali ule ulifunikwa kwa sahani, na asubuhi tuliula kiporo na chai ya rangi kabla ya kwenda shule.